Kadi ya Idi katika Somo la Kompyuta

Kila inapokaribia likizo ya sikukuu, skuli zetu za Unguja na Pemba huingiwa na hali ambayo hapana mwalimu asiyeijua. Watoto hawatulii. Miili yao imo darasani, lakini fikira zao ziko kwa fundi anayeshona nguo mpya, ziko kwenye mkono wa Idi watakaopewa na wajomba na shangazi zao, ziko kwenye pembea za Mnazi Mmoja na Tibirinzi. Walimu wengi huzihesabu siku hizo kuwa zimekwisha potea, wakawaachia watoto wacheze mpaka kengele ilie. Sisi tunaona vyengine. Tunaona kwamba siku hizo hizo ndizo zinazofaa kupita zote kwa kumfundisha mtoto wa darasa la pili, la tatu au la nne kuitumia kompyuta, kwa njia ya kuchora kadi, bango au pambo la sikukuu inayokuja. Leo tungependa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, ili wazazi walipime na wakuu wa elimu walitolee uamuzi.

Pengine watakuwapo watakaocheka. Watasema: Serikali inahangaika na madarasa, madawati na walimu wa sayansi, na gazeti linazungumza habari za kuchora mwezi na nyota! Tunawaomba watustahamilie. Kompyuta zimekwisha ingia katika baadhi ya skuli zetu, na nyengine zitaingia. Swali lililobaki ni hili: mtoto akishakaa mbele ya kioo chake, afanye nini?

Katika skuli moja tuliyopata kuitembelea, ambayo hatutaitaja, tulilikuta somo la kompyuta likisomeshwa ubaoni. Mwalimu, kijana mwenye bidii, alikuwa ameichora kompyuta kwa chaki akaandika majina ya sehemu zake, na watoto wakawa wanayanakili katika madaftari: kibodi, kipanya, kioo, mashine ya kuchapia. Kompyuta zenyewe zilikuwa chumba cha pili, zimefunikwa vitambaa vya kutariziwa kama vyombo vya bibi arusi, na mlango umetiwa kufuli. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba inaogopwa zisije zikaharibika. Mtoto aliyesomeshwa hivyo ataweza kupasi mtihani wa kutaja sehemu za kompyuta, kama vile mtu anavyoweza kutaja tanga, mlingoti na usukani bila ya kupata kutia mguu katika ngalawa. Hatumlaumu mwalimu yule. Hakupewa kazi ya kuwafanyisha watoto, na mahali pasipo na kazi, kufuli huwa ndiyo hifadhi.

Wazo la kumpa mtoto sanaa kuwa ndiyo kazi hiyo si letu, wala si la jana. Mwaka 1967, huko Massachusetts nchini Marekani, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria katika Afrika ya Kusini, pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, waliunda lugha ya kompyuta iitwayo Logo, iliyokusudiwa watoto. Baadaye katika lugha hiyo akaingia kobe, kwanza kobe wa mitambo aliyetambaa sakafuni na kalamu yake, kisha kobe wa kwenye kioo. Mtoto humwamrisha aende mbele kiasi fulani, ageuke kulia kiasi fulani, na kila alipopita kobe huacha mstari. Basi, hiyo ndiyo lugha yenyewe kwa mtoto anayeanza. Lakini kwa amri hizo mbili na ya tatu ya kurudia, mtoto huchora nyumba, ua, nyota, na akitaka, mji mzima. Papert aliyaandika mawazo yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1980, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiamrisha kompyuta, na si kompyuta kumwamrisha mtoto. Alifariki mwaka 2016. Hoja yake tunaiona ingali hai.

Upande wa pili wa habari hii una unyenyekevu zaidi, na sisi tunaupenda kwa sababu hiyo. Craig Hickman, mwalimu wa sanaa katika Chuo Kikuu cha Oregon, alimtazama mwanawe wa miaka mitatu akijaribu kuchora kwa programu ya watu wazima, akaona namna mtoto alivyokuwa akinaswa na orodha za maneno asiyoweza kuyasoma. Akakaa akamtengenezea programu yake, isiyohitaji kusoma, yenye picha kubwa kubwa na sauti za kuchekesha. Aliigawa bure mwaka 1989 kwa jina la Kid Pix, na mwaka 1991 kampuni ya Broderbund ikaanza kuiuza. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa mwaka 1984 programu nyengine, The Print Shop, iliyomwezesha mtu asiyejua uchapaji kutengeneza kadi za salamu na mabango. Kwa hiyo kadi ya sikukuu ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa ambazo watu wa kawaida walizifanya kwa kompyuta zao majumbani na maskulini. Wahasibu walikuwa na hesabu zao, wanasayansi walikuwa na zao, na mtoto alikuwa na kadi.

Tangu hapo mambo yameendelea. Mwaka 2007 Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts kiliitoa Scratch kwa watu wote, ambayo humwezesha mtoto kupanga amri zake kama anavyopanga matofali, akaifanya picha yake itembee na iseme. Kiongozi wa kundi lililoiunda, Mitchel Resnick, alisimulia hadharani mwaka 2012 namna ambavyo siku moja alijikuta hajamtafutia mama yake kadi ya Siku ya Akina Mama. Akatazama kazi ambazo watoto walikuwa wamekwisha kuziweka katika Scratch, akakuta kadi kadhaa wa kadhaa walizowaundia mama zao, zenye mioyo inayopiga na herufi zinazocheza, akamtumia mama yake kiasi cha dazeni moja. Hapana mtu aliyekuwa amewaamuru watoto wale wafanye kazi hiyo. Sikukuu iliwaamuru, na mapenzi ya mama. Na Disemba 2014 Google iliendesha mpango uliowawezesha wasichana wa Marekani kuandika amri za kompyuta zilizowasha na kucheza taa za miti ya Krismasi iliyosimamishwa Washington karibu na Ikulu ya nchi hiyo. Mtoto aliyekaa maili elfu kutoka hapo aliandika mistari michache, na taa za kweli zikabadilika rangi juu ya mti wa kweli.

Ni habari nzuri, na tunaisimulia bila ya husuda. Lakini tukizitazama programu na mazoezi ya watoto yanayotufikia kutoka nje, tunakuta yamejaa theluji. Zoezi moja mashuhuri la mwaka 2014, lililotumiwa na watoto wengi sana duniani, liliwafundisha kuchora chembe za theluji na michoro ya barafu. Mtoto wa Micheweni au wa Kizimkazi theluji ataijua wapi? Ameisikia kwamba iko juu ya Kilimanjaro. Ataufuata mfano, atamaliza, na atafaulu. Lakini mchoro hautakuwa wake, hatakuwa na mtu wa kumpelekea, na mama yake akiuona atauliza ni kitu gani. Faida ya sikukuu katika ufundishaji imo katika kumiliki, na kitu cha kuazima hakina mwenyewe.

Na ajabu ni kwamba mabadiliko yanayohitajika ni madogo mno. Chembe ya theluji huchorwa kwa tawi moja linalorudiwa mara sita, kila mara likigeuzwa nyuzi 60. Mtoto akibadilisha tarakimu mbili tu, amepata ua la asumini kwa idadi ya majani anayoitaka yeye: matano kwa nyuzi 72, manane kwa nyuzi 45. Atagundua mwenyewe, na hapo ndipo tunapotaka afike, kwamba tarakimu hizo mbili zikizidishwa lazima zitoe 360, la sivyo ua halifungi. Mwalimu wa hesabu angehitaji vipindi vingapi kulifikisha jambo hilo ubaoni? Au tuchukue nyota ya ncha tano inayokaa kando ya mwezi katika kadi za Idi. Kobe aende mbele, ageuke nyuzi 144, arudie mara tano, na nyota imetimia; mwanafunzi mwerevu akizidisha atakuta 720, na ataambiwa kwamba kobe amezunguka mara mbili kamili. Nyota ya ncha nane, ile tunayoiona katika mapambo ya misikiti na vitabu, ni miraba miwili iliyolaliana, mmoja umegeuzwa nyuzi 45.

Tuseme sasa habari za mtoto mdogo zaidi, ambaye hajafika katika amri wala nyuzi. Huyu apewe programu ya kuchorea tu. Iko moja, Tux Paint, aliyoianzisha Bill Kendrick mwaka 2002. Ni ya bure, haihitaji intaneti, na inakubali kufanya kazi katika kompyuta kuukuu ambazo wengine wamekwisha kuzitupa. Achore mwezi mwandamo. Kwa mtu mzima ni jambo la kitoto, lakini na tuhesabu anayojifunza. Atachora duara, na ili alichore hana budi kubonyeza kipanya, kukiburura bila ya kukiachia, kisha kukiachia mahali anapotaka. Hayo matatu, kwa mkono wa mtoto wa miaka saba, ni kazi ya siku mbili. Atamwaga rangi ya manjano ndani ya duara, na kama mstari una tundu rangi itavuja na kuugharikisha ukurasa mzima. Darasa litacheka, naye atajifunza amri ya kutengua, ambayo sisi tunaiona ndiyo amri yenye thamani kuliko zote kwa mwanafunzi, kwa sababu humwondolea khofu. Kisha atachora duara la pili kwa rangi ya mbingu, alilaze juu ya la kwanza akilisogeza upande kidogo, na mara mwezi umeandama. Hakuna aliyemwambia kwamba amejifunza kupanga picha kwa tabaka.

Tukiseme na kipungufu cha programu hiyo. Haimlazimishi mtoto kulipa faili jina. Huhifadhi tu na kumwonyesha picha ndogo ndogo achague. Kwa darasa la kwanza na la pili ni rehema. Kwa darasa la nne ni hasara, kwani mtoto wa umri huo apaswa kujua kwamba kazi ina jina, ina mahali pake, na isiyohifadhiwa hupotea. Hapo ahamishiwe katika programu nyengine.

Lakini hazina yetu kubwa, ambayo hao wenye theluji hawanayo, ni kanga. Kila nyumba katika visiwa hivi inayo. Kila mtoto amebebwa kwayo. Na kanga ni somo la kompyuta lililokwisha kupangwa kabla kompyuta haijazaliwa: ina pindo, ina mji, ina jina, na kila kimoja kina kanuni yake. Mwanafunzi akitaka kuchora kanga ya sikukuu hana haja ya kuichora yote. Achore robo moja, kona moja ya pindo na kipande cha mji. Ainakili, aipindue kama kioo kinavyopindua uso, aibandike upande wa pili. Sasa anayo nusu. Ainakili nusu hiyo, aipindue chini juu, aibandike, na kanga imekamilika, imelingana pande zote bila ya kupimwa kwa rula. Kunakili, kubandika, kupindua na kulinganisha ni kazi ambazo karani wa ofisi na mchapaji wa gazeti hili huzifanya kutwa. Zimefundishwa zote kwa kanga moja.

Halafu lije jina. Mwalimu awaachie watoto watunge wenyewe. Hapa somo la kompyuta linageuka kuwa somo la lugha, kwa sababu jina la kanga ni fupi, lina pigo lake, na neno moja likizidi halikai. Mtoto atachapa herufi kubwa, ataacha nafasi baina ya maneno, atayaweka katikati, ataona yamezidi upana wa kanga, atayapunguza ukubwa au atayatunga upya. Bibi yake ataulizwa nyumbani jioni, na hatujui njia nyengine ambayo somo la kompyuta linaweza kumfikia bibi wa Makunduchi. Kama sikukuu yenyewe ni Mwaka Kogwa, basi huyo bibi atakuwa ndiye mwalimu hasa, na mtoto ndiye mwandishi wake.

Vivyo hivyo na ukili. Picha zote za kompyuta, ukizikaribia mno, ni vijinukta vya mraba vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja na rangi yake. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hilo kwa nusu saa na asieleweke, au anaweza kuchukua mkeka wa rangi akautandika mbele ya darasa. Mwanamke anayesuka ukili huku akihesabu miyaa ya rangi na miyaa meupe anajua tangu zamani namna picha inavyopatikana kwa kuhesabu. Karatasi ya miraba, penseli za rangi na mkeka mmoja vyatosha kuanzia somo hata siku ambayo umeme haupo.

Na umeme tusiusahau, maana sisi wa visiwani tumeonja. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mmoja mwaka 2008, kisha miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, baada ya njia ya umeme kutoka Bara kuharibika. Pemba ilitegemea majenereta ya Wesha mpaka ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010. Hali ya leo si ile, lakini mpango wowote wa skuli unaodhani kwamba umeme na intaneti havitakatika ni mpango wa watu wa mahali pengine. Kwa bahati njema programu tulizozitaja zinaweza kuwekwa ndani ya kompyuta na kutumika bila ya intaneti. Scratch nayo inayo nakala ya namna hiyo, na zaidi ya hayo maneno yake yanapatikana kwa Kiswahili.

Jambo hili la Kiswahili si dogo. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilielekeza hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, na mjadala wake umekuwa mrefu, leo hatuufungui. Tunalosema ni kwamba mtoto wa darasa la pili asizuiliwe na lugha kuchora mwezi. Kazi ya kuifasiri kompyuta imekwisha fanywa kwa sehemu: mwaka 2004 mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Maneno mengine bado yanagombaniwa, na wenzetu wa Kenya wanasema tarakilishi pale ambapo sisi tunasema kompyuta. Tuwaachie wataalamu wa BAKITA na BAKIZA wagombane kwa adabu. Watoto, kwa uzoefu wetu, wakishapewa kipanya mkononi hulipata jina lake bila ya kamati.

Twende kwenye pingamizi, maana zipo, na nyengine ni za haki.

Ya kwanza ni ya fedha. Tunakiri kwamba vifaa peke yake havisomeshi. Peru ilinunua kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ikawagawia watoto wa vijijini. Uchunguzi wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika uliotolewa mwaka 2012, baada ya kuzilinganisha skuli 319, haukuona maendeleo yoyote katika mitihani ya hesabu na lugha, ingawa uliona manufaa kiasi katika uwezo wa jumla wa kufikiri. Kenya nayo ilianza mwaka 2016 kugawa vifaa kwa madarasa ya mwanzo ya skuli za msingi. Yeyote anayeandaa ununuzi mkubwa kwa ajili ya visiwa vyetu aisome taarifa ile ya Peru kabla ya kutia saini. Lakini tunachokipendekeza sisi hakianzi na ununuzi. Kinaanza na kompyuta zilizopo chini ya vitambaa, na programu zisizouzwa. Kompyuta sita kwa watoto 48 ni watoto wanane kwa moja, nao wanaweza kwenda kwa zamu, wawili wawili, mmoja akishika kipanya na mwenzake akimwongoza, huku waliobaki wakichora rasimu kwenye karatasi. Rasimu ya karatasi si adhabu ya umasikini. Mchoraji yeyote wa kweli huanza nayo.

Ya pili ni wino. Wino wa rangi ni ghali, na skuli ikichapa kadi 48 za rangi itakosa wino wa mitihani. Sisi tunashauri kadi zichapwe kwa mistari myeusi tu, bila ya kumwagwa rangi, kisha watoto wazipake kwa penseli. Nyengine zisichapwe kabisa, zionyeshwe kwenye kioo siku ya mwisho kabla ya likizo, wazazi wakialikwa. Mzazi ambaye hajapata kuingia katika chumba cha kompyuta cha skuli ya mwanawe atakuwa na sababu ya kuingia.

Ya tatu yahitaji heshima zaidi. Wako wazee na walimu wa vyuoni wasiopenda watoto kuchora viumbe wenye roho, na wengine watauliza kama skuli ya Serikali yafaa kusherehekea sikukuu ya dini moja. Kwa wale wa mwanzo jawabu tunalo ukutani: nakshi za milango ya Mji Mkongwe, khati, hina ya mikononi, miraba iliyolaliana. Hazina kubwa ya sanaa ya visiwa hivi ni ya majani, minyororo na nyota, na kompyuta haipendi kitu kama inavyopenda nakshi inayojirudia. Kwa hao wa pili tunasema kila mtoto achore sikukuu ya nyumbani kwao. Mwenye Krismasi au Pasaka achore yake, mwenye Diwali apange taa zake, na ziko sikukuu za wote, kama Januari 12, ambapo fataki za usiku wa kuamkia siku hiyo ni zoezi zuri mno la Scratch: nukta moja ipande, ipasuke, vipande vyake visambae kwa nyuzi sawasawa kisha vififie. Marekani ziko skuli ambazo, kwa kuogopa lawama, zimeiacha Krismasi zikachora kipupwe mtupu. Hatuoni haja ya kuiga woga huo. Watoto wetu wamekula biriani na keki za majirani tangu zamani.

Iko pia hoja ya wale wasemao kwamba huu ni mchezo. Ndiyo, una sura ya mchezo. Lakini mwenye hoja hiyo akae karibu na mtoto aliyebakiwa na siku mbili kabla ya likizo, na kadi yake haijamalizika, na herufi ya jina la mama yake imekataa kukaa sawa. Ataona uso ambao hauonekani katika zoezi la kutaja sehemu za kompyuta. Sikukuu ina tarehe, na tarehe haimngojei mtu. Kwa Idi hata hiyo tarehe yenyewe ni somo, kwani kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11 katika kalenda ya miladi. Darasa la tano laweza kupewa kazi ya kuchora bango la miaka kumi ijayo, na kuona Idi ikitambaa kutoka mwezi hadi mwezi.

Sasa tuwaelekee wenye mamlaka. Tunaomba Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali ichague skuli chache, za mjini na za shamba, Unguja na Pemba kwa hesabu moja, ziujaribu mpango huu kwa mwaka mmoja wa masomo. Walimu wa skuli hizo wapewe mafunzo ya siku chache, na mafunzo hayo yawe ya mikono: kila mwalimu atoke na kadi yake mwenyewe, kanga yake na nyota yake, kwani mwalimu ambaye rangi haijapata kumvujia atamgombeza mtoto itakapomvujia. Wakaguzi wasiulize idadi ya kompyuta peke yake, bali waulize kila moja imefanya kazi saa ngapi kwa wiki. Na kazi za watoto zisikusanywe katika makabati. Septemba 23 ya kila mwaka tunakumbuka kutangazwa kwa elimu bila malipo mwaka 1964. Siku hiyo zitandazwe kanga za watoto, zilizochapwa na zilizo kwenye kioo, mbele ya wananchi, ili watu waone fedha zao zimefanya nini.

Wazazi nao wasiisubiri Wizara kwa kila kitu. Kamati za skuli zina uwezo wa kununua penseli za rangi na karatasi za miraba. Ziko pia katika mji wetu ofisi na hoteli zinazobadilisha kompyuta kila baada ya miaka michache. Za zamani zikipokewa, zikaguliwe na fundi kabla ya kupelekwa skuli, kwa sababu msaada wa kitu kibovu ni kumhamishia masikini taka. Kompyuta itakayoweza kuwaka na kuendesha programu moja ya kuchorea inatosha kuanzia darasa la pili.

Limebaki suala la funguo. Waraka mfupi wa Wizara unaweza kulimaliza: ufunguo wa chumba cha kompyuta ukae kwa mwalimu wa somo na nakala yake kwa mwalimu mkuu, chumba kifunguliwe kila siku ya masomo, na mtoto atakayevunja kipanya katika kazi halali asitozwe. Kipanya kipya hupatikana Darajani, na kamati ya skuli inamudu kukinunua.